Anti, krimu ya fangasi nilitumia siku tatu nikaacha, sasa muwasho umerudi

SWALI: Kamwene anti, nipo Mafinga, nina miaka 27. Mwezi uliopita niliwashwa sana ukeni na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, duka la dawa wakanipa krimu ya klotrimazole ya asilimia 1 na kibomba chake cha plastiki, wakasema tu tumia usiku. Siku ya tatu muwasho ukaisha nikaacha, sasa umerudi. Rafiki yangu anasema nijisafishe ndani na maji ya ndimu kwanza ndo niweke dawa. Na mume wangu anapeleka mbao Dar anarudi Jumamosi, sisi tunapanga uzazi kwa kondomu. Nifanyeje?

JIBU: Kamwene mdogo wangu, pole sana. Hapo kwenye siku tatu ndo palipoharibika, maana krimu ya asilimia 1 dozi yake ni usiku 7 mfululizo, ya siku 3 ni ile ya asilimia 2, kwahiyo soma ubavuni mwa tyubu kabla hujatoka dukani. Muwasho unatangulia kuisha, fangasi wenyewe bado wapo.

Ndimu achana nayo kabisa nakuomba, nimeona wadada wamejibabua huko ndani. Uke unajisafisha wenyewe, wewe osha nje kwa maji tu inatosha.

Sasa kuiweka. Subiri umalize shughuli zote, umeshakojoa, unaenda kulala, maana ukiiweka saa kumi na mbili jioni ukarudi jikoni kusonga ugali yote itashuka kwenye nguo. Nawa mikono, funga kibomba kwenye mdomo wa tyubu, minya taratibu mpaka kijae kwenye alama yake (kawaida gramu 5), lala chali kunja magoti, ingiza polepole mpaka pale panapokwenda bila maumivu, sukuma, toa, lala hapohapo. Vaa pedi, na asubuhi ikitoka kidogo usishtuke. Kibomba kama ni cha kutumia mara moja tupa, kama ni cha kurudia osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na usimwazime mtu hata dada yako wa damu.

Jumamosi sasa, hili ndo watu wengi hawaambiwi na linaniuma sana: krimu hii inaweza kudhoofisha mpira wa kondomu, inapasuka mnajikuta na mimba ambayo hamkuipanga. Mwambie mzee asubiri mpaka umalize dozi, na kondomu msiitegemee mpaka zipite siku 5 baada ya dozi. Mwambie ukweli tu, ataelewa. Na yeye akiwa anawashwa aende apimwe.

Kuhusu hedhi, kama haijabaki hata wiki subiri iishe ndo uanze, damu inasafisha dawa. Ikikukuta katikati ya dozi endelea, tumia pedi, usiweke kitu ndani.

Ila kabla hujanunua tyubu ya pili nenda zahanati wakupime, kwa sababu imerudi haraka. Uchafu ukiwa wa kijivu na unanuka shombo ya samaki, au wa njano-kijani wenye povu, huo sio fangasi na krimu hii haitausaidia. Waombe wapime na sukari na VVU, fangasi wa kurudirudi saa nyingine ndo dalili ya kwanza. Ukiwa na mimba sema kabla hawajakupa dawa. Tumbo la chini likiuma au homa ikipanda, usisubiri kesho. Na zile krimu za mchanganyiko za kupaka usoni usiziweke huko, zina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayoweza kuwazidisha fangasi.

Na baridi ya kwenu mwezi wa sita nguo za ndani hazikauki, watu wanavaa mbichi wanaweka taiti juu na jinzi juu yake, fangasi wanapenda unyevu kama huo. Zipige pasi zikauke kabisa, vaa za pamba, usiku lala bila.