FUNDI ANAJIBU: RAM nzima, mazabodi nzima, kompyuta haiwaki

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: watu wanafufua kompyuta za mezani za zamani kwa kuziongezea RAM (vipande vya memori ya kufanyia kazi), na kompyuta zinagoma. Nimechagua nne. Ya kwanza naijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowapotezea wengi pesa bure.

SWALI: Shikamoo fundi. Kompyuta yangu ya mezani ni ya siku nyingi, ina prosesa ya Core 2 Duo na mazabodi (bodi kuu) yenye chipseti (chipu zinazoratibu bodi) ya Intel G41. Ilikuwa na RAM mbili za GB 1 kila moja, aina ya DDR3 (kizazi cha RAM). Nimenunua moja ya GB 4, DDR3 hiyohiyo, na imeingia bila kulazimishwa. Nikiwasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi, halafu inalia bila kukoma. Nikirudisha zile za zamani inawaka kama kawaida. RAM mpya nimeijaribu kwenye kompyuta ya mdogo wangu, ambayo ni ya karibuni zaidi, inafanya kazi. Muuzaji anasema RAM yake haina kasoro, mazabodi yangu ndiyo imekwisha. Nitafute mazabodi nyingine?

JIBU: Marahaba. Usitafute mazabodi. Muuzaji amesema nusu ya kweli: RAM yake haina kasoro. Nusu ya pili kajiongezea, maana mazabodi iliyokwisha haiwezi kuwaka kila unapoirudishia RAM za zamani. Vyote viwili ni vizima, ila haviivi chungu kimoja.

Shika hiyo RAM mpya uitazame penye mwanga. Hesabu zile chipu nyeusi za mstatili zilizopangwa juu yake. Naweka dau utakuta nane tu, zote upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu. Kisha soma stika. Bila shaka imeandikwa 4GB, halafu 1Rx8, halafu PC3-12800U au kitu cha namna hiyo. Hiyo 1Rx8, yaani safu moja ya chipu za biti nane nane, ndiyo iliyokugomea.

Hesabu yake ni hii. GB 4 zikigawanywa kwenye chipu nane, kila chipu inabeba MB 512, yaani gigabiti 4, maana baiti moja ni biti nane. Chipseti ya G41 ilitoka mwaka 2008, wakati DDR3 yenyewe ilikuwa bado changa, na iliundwa kwa chipu zisizozidi gigabiti 2. Ndani ya chipu data imepangwa kwa mistari. Chipu ya gigabiti 2 ya aina hii ina mistari 32,768 katika kila benki (sehemu ya chipu). Ya gigabiti 4 ina 65,536. Ili kuifikia hiyo mistari ya ziada unahitajika waya mmoja zaidi wa anwani, na kidhibiti cha memori cha G41 hakikuundwa kuutumia. Kwa hiyo BIOS, programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows, inaiuliza RAM, haielewi inachojibiwa, inaanza kulia. Kompyuta ya mdogo wako inazifahamu chipu za gigabiti 4, ndiyo maana kule mambo shwari.

Unachotakiwa kutafuta ni GB 4 iliyoandikwa 2Rx8, yenye chipu 16, nane kila upande. Hapo kila chipu ni ya gigabiti 2 na mazabodi yako itaipokea. Ziko RAM nyingine zenye chipu 16 lakini zimepangwa kwa namna ambayo kompyuta za Intel hazielewi. Mara nyingi huuzwa kwa maelezo kwamba ni za kompyuta zenye prosesa za AMD. Hizo ziache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo kuhesabu chipu peke yake hakutoshi, na stika peke yake haitoshi pia, kwa sababu stika hubanduka na watu huzibandika upya. Tazama vyote viwili.

Ukomo wa G41 ni GB 8 kwa jumla, lakini usishawishike kununua kipande kimoja cha GB 8, maana chipu zake huzidi gigabiti 2. Na ukishapata RAM inayofaa, ukiona BIOS inaisoma kwa kasi ya 1066 wakati stika inasema 1600, usirudi dukani kugombana. Hiyo ndiyo kasi ya chipseti yako, na RAM ya haraka hujishusha yenyewe.

Kabla hujatumia hata senti, mwulize mdogo wako RAM alizokuwa nazo tangu mwanzo ni zipi. Kama ana mbili za GB 2, badilishaneni: yeye abaki na yako ya GB 4, wewe uchukue zake mbili. Karibu kila DDR3 ya GB 2 ina chipu 16 za gigabiti 1 au chipu nane za gigabiti 2, na zote G41 inazikubali. Epuka tu zile zenye chipu nne. Utapata GB 4 na hujamlipa mtu.

Unapozipachika, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Fungua vibanio vya sloti, linganisha mkato wa RAM na kigingi kilichomo, halafu kandamiza ncha zote mbili kwa vidole gumba. Utahitaji nguvu kuliko unavyodhani, na mazabodi itabonyea kidogo. Usiachie mpaka vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio wa "ta". Ukiona meno ya dhahabu upande mmoja yamebaki nje kuliko upande wa pili, haijaingia, na hapo ndipo watu huchoma RAM. Kama bado inagoma, safisha meno hayo kwa ufutio laini wa penseli, pangusa vumbi, kisha futa mipangilio ya BIOS kwa kuchomoa betri ndogo ya CR2032 kwa dakika chache, waya wa umeme ukiwa bado umechomolewa.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeongeza RAM kutoka GB 2 hadi GB 8. Windows 7 inaandika kwamba zimewekwa GB 8.00 lakini zinazotumika ni GB 3.25. Jirani yangu anayejua kompyuta anasema nimeuziwa RAM feki. Ni kweli?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Si feki. Windows yako ni ya biti 32, na biti 32 zinatosha kutaja anwani 4,294,967,296 basi, ambazo ni GB 4. Katika hizo GB 4, kadi ya picha na vifaa vingine vinachukua anwani zao, na kinachobaki ndicho hicho unachokiona. Ungeweka GB 16 ungeona namba ileile.

Dawa ni kuweka Windows ya biti 64. Haipandishwi juu ya ile ya biti 32. Inawekwa upya, kwa hiyo hamisha mafaili yako kwanza kwenye diski ya nje, na uhakikishe yanafunguka huko kabla hujafuta chochote. Tafuta pia draiva za biti 64 za printa yako, maana printa za zamani ndizo zinazoleta matata hapo. Na kama kweli unaanza upya, sioni sababu ya kurudi kwenye Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Linux ya biti 64 iliyo nyepesi itakimbia vizuri sana kwenye GB 8.

Wasomaji ambao Windows yao tayari ni ya biti 64 na bado wanaona hali hii: andika msconfig kwenye sehemu ya kutafutia, nenda kwenye mipangilio ya hali ya juu ya kuwasha, na uondoe alama kwenye kisanduku cha kuweka ukomo wa memori kama kuna mtu aliiweka. Kuna ushauri umeenea kwamba kukiwekea alama kisanduku hicho kunaongeza kasi. Hakuongezi kitu. Kisha ingia BIOS, tafuta kipengele cha Memory Remap, ukiwashe.

SWALI: Mazabodi yangu ni ya DDR2, nimepewa RAM ya DDR3 bure. Zote zina pini 240 na urefu ni sawa, tatizo ni ule mkato tu, hauko mahali pamoja. Nikichonga kidogo kwa tupa itaingia?

JIBU: Itaingia, na hapo ndipo balaa litakapoanza. Weka tupa chini. DDR2 inatumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, na hata kazi za pini ni tofauti. Mkato umehamishwa makusudi ili mtu kama wewe akwame mapema.

SWALI: Tangu niongeze RAM ya pili, kompyuta inawaka vizuri na GB zote zinaonekana, lakini ikifanya kazi kwa saa moja au mbili inaganda, au inatoa skrini ya bluu. Ya zamani ni GB 2 yenye kasi ya 1333, mpya ni GB 4 yenye kasi ya 1600, zote DDR3. Je, ni kosa kuchanganya?

JIBU: Si kosa. Mazabodi nyingi huzishusha zote hadi kasi ya ile ya polepole na kazi inaendelea. Ila kuchanganya ni bahati, na bahati hupimwa.

Pakua Memtest86+, ni ya bure, iweke kwenye flashi na uwashe kompyuta kutokea hapo. Inapima RAM bila Windows kuingia katikati. Chomoa RAM ya zamani, pima mpya peke yake, iache ifanye kazi usiku kucha. Kesho yake pima ya zamani peke yake kwenye sloti ileile. Kosa moja jekundu linatosha kuikataa RAM. Anayekwambia makosa mawili matatu ni kawaida anataka umwachie bidhaa yake. Windows ikiandika faili lako juu ya eneo bovu, huenda usijue mpaka siku unayolifungua.

RAM ikitoa makosa, usiitupe papo hapo. Ihamishie sloti ya pili uipime tena. Ikitoa makosa huko pia, ni mbovu, irudishe. Ikipita, ipime ile nyingine kwenye sloti ya kwanza, na kama nayo inaanguka hapo, basi tatizo ni sloti, au ni soketi ya prosesa. Katika kompyuta za Intel zinazotumia DDR3, kidhibiti cha memori kiko ndani ya prosesa kuanzia kizazi cha kwanza cha Core i, na pini moja iliyopinda kwenye soketi inaweza kuharibu sloti nzima. Imulike soketi kwa tochi kabla hujaigusa, na kama mkono wako unatetemeka mpe mwingine.

Zikipita zote mbili zikiwa peke yake lakini zikaanguka zikiwa pamoja, hapo ni mchanganyiko. Ingia BIOS, shusha kasi ya memori hadi 1066, upime tena. Ikishindikana, chomoa ya GB 2 uiuze. Utaishi vizuri zaidi na GB 4 zinazotulia kuliko 6 zinazokuangusha katikati ya kazi.