Hegel na lojiki wanakaa meza moja, mi nimewakalisha

Juzi kuna dada kaniandikia inboksi, yuko mwaka wa tatu falsafa, anasema lojiki, yaani mantiki rasmi ya alama, anaipenda mpaka anaota majedwali ya ukweli (yale ya kupanga lini sentensi ni kweli na lini ni uongo), ila Hegel, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, naye anamvutia na darasani wanamwambia achague kambi moja. Mdogo wangu, usichague. Mi mwezi uliopita nimetetea tasnifu yangu ya masters huku Ujerumani na mada ilikuwa hiyohiyo, ukanushi, yaani kusema "si", kwa Hegel na kwenye mantiki rasmi, na nimepita vizuri kuliko wengi walivyotegemea. Niacheni nijisifu kidogo maana nimesemwa sana.

Nikiwa bado nyumbani kuna dokta mmoja, simtaji, alinirudishia pendekezo la utafiti kaandika juu kwa kalamu nyekundu "huu ni ushairi". Nikaenda kwa mwingine, huyu Hegel anamjua vizuri tu, akaona ile A iliyopinduliwa kichwa chini (alama ya lojiki ya "kwa kila") akasema nimeleta hesabu kwenye falsafa. Yaani kila mmoja ananifukuzia kwa mwenzake. Mpaka leo ile kalamu nyekundu nikiikumbuka inauma.

Halafu ukifuatilia unakuta hao watu wanaogombanishwa wamefundisha mji mmoja! Jena, hukuhuku Ujerumani. Mwanafalsafa Fichte alifika kufundisha hapo 1794, na falsafa yake nzima anaianzia kwenye A = A, sentensi tupu ya mantiki. Hegel akaja 1801, na kitabu chake Phänomenologie des Geistes kikatoka 1807. Chuo hichohicho ndo mwanahisabati Gottlob Frege alianza kufundisha 1874, akakaa zaidi ya miaka 40, na 1879 akatoa Begriffsschrift, kijitabu ambacho lojiki ya kisasa sehemu kubwa imeanzia humo. Mwanafalsafa Kant 1787 alikuwa ameshatangaza kwamba tangu Aristotle mantiki haijapiga hatua yoyote mbele na inaonekana imekamilika, kumbe hata miaka mia haikufika. Ugomvi wenyewe wa Hegel na lojiki ulipamba moto Cambridge: mwanafalsafa Bertrand Russell ujanani alikuwa upande wa Hegel kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1890 yeye na mwenzake G. E. Moore wakageuka, na unajua mtu aliyehama chama anavyopiga kelele. Waliofuata wakarithi kelele bila kusoma.

Sasa ushauri. Achana na makambi, chukua kitu kimoja kidogo ukibane pande zote mbili. Mi nilichukua "si".

Chukua "shati ni jekundu". Kwenye lojiki ukiikanusha unapata "shati si jekundu" basi, hujui ni la rangi gani. Hegel anasema ukanushi wa kweli una maudhui, kitu kinakuwa kilivyo kwa kusukuma nje vingine, wekundu unausukuma ukijani, unausukuma unjano. Robert Brandom, mwanafalsafa wa Pittsburgh, Marekani, akaviunganisha hivi: "la kijani" inagombana na "jekundu", "la njano" pia, na kila inayogombana nayo inakuletea "si jekundu". Kwa hiyo ile "si" kavu ya lojiki ni kile kinachobaki cha pamoja kwa mahasimu wote wa wekundu. Nilipoielewa hiyo nilikuwa kwenye treni nikapitiliza kituo changu.

Upande mwingine yuko Graham Priest, mtaalamu wa lojiki, yeye anaingia kwa mlango wa ukinzani. Lojiki ya kawaida ukiiruhusu sentensi na kinyume chake, imekwisha, inathibitisha chochote. Tuseme mvua inanyesha na hainyeshi. Mvua inanyesha. Basi mvua inanyesha au mimi ni rais wa Ujerumani. Lakini mvua hainyeshi, kwa hiyo mimi ni rais wa Ujerumani. Priest mwaka 1979 akatengeneza mfumo ambao sentensi inaweza kuwa kweli na uongo kwa pamoja, na humo hiyo hatua ya mwisho inakufa, maana kusema "hainyeshi" hakujaifuta "inanyesha", bado ni kweli nayo. Anamleta Hegel hapo kwa sababu Hegel alisema kitu kinachotembea kiko hapa na hakiko hapa katika nukta hiyohiyo.

Ila hawa wawili hawapatani, usije ukawachanganya kwenye sura moja! Brandom anasema Hegel hakuikana kanuni ya kutokinzana (sentensi na kinyume chake haziwezi kuwa kweli pamoja), aliiweka katikati kabisa. Mi naona Brandom yuko sahihi zaidi kuhusu Hegel, ingawa kwa Priest ndo nilijifunza kufanya hesabu zenyewe, na kamati ilinibana hapohapo nikawajibu.

Kwa hiyo narudia, kitu kimoja kidogo. Vijana tunapenda kubeba majina makubwa, mtu anaandika "dayalektiki", lile neno la Hegel la mawazo kugongana na kusonga mbele, kurasa kumi hajatoa hata hoja moja, mwingine anajaza alama ubao mzima ukimuuliza zinahusu nini anakasirika. Soma, andika kwa mkono, kosoa, soma tena. Jedwali la "au" la Priest lina mistari 9 tu (kila sentensi ni kweli, uongo, au vyote viwili, tatu mara tatu), liandike mwenyewe usikopi kwenye simu. Kijerumani kama huna, anza na tafsiri, utakutana nacho mbele ya safari.

Wenye maswali inboksi iko wazi. Wanaotaka niwaandikie tasnifu, hapana, na ile bei mliyonitajia ni ya matusi.