Tukimkata Mercutio, kuna shida?

SWALI: Hujambo mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana huku Kayole, tunataka kuigiza Romeo and Juliet kwa Kiswahili lakini tumepewa saa moja tu. Wenzangu wanasema tutoe ile vita ya Mercutio, rafiki ya Romeo, na Tybalt, binamu ya Juliet, tubaki na mapenzi, manake eti stori inageuka pale barua ya padri kwa Romeo inakosa kufika. Mimi nakataa lakini sina maneno ya kuwaambia.
Msomaji, Kayole

JIBU: Ndugu yangu, kataa tu. Barua ni muhimu sawa, lakini ikifika wakati wa barua stori ilishageuka kitambo, iligeuka sehemu ya tatu onyesho la kwanza, mchana wa Jumatatu, jua kali pale Verona.

Soma sehemu mbili za kwanza ukijifanya hujui mwisho, utadhani ni komedi. Kuna pati, watu wamevaa maski, yaya haishiwi maneno, kijana anaruka ukuta usiku, halafu padri anawafungisha ndoa ya siri akitumai familia zitapatana. Komedi nyingi za Shakespeare zinaishia harusini, hapa harusi imefanyika mwisho wa sehemu ya pili na bado kuna sehemu tatu mbele! Sasa Romeo akitoka tu kuoa anakutana na Tybalt anayetaka kupigana, anakataa kwa sababu huyo ni binamu ya mke wake, ila hawezi kusema, na Mercutio kwa kutojua anaona ni aibu tupu anachomoa upanga yeye mwenyewe, Romeo anaingia katikati kuwaachanisha na Tybalt anamdunga Mercutio kwa chini ya mkono wa Romeo. Yaani kumpenda Juliet ndiko kulimfanya asipigane, na kule kutopigana kukamuua rafiki yake. Mimi huwa naumia hapo kuliko hata kule kaburini. Kwa hasira anamuua Tybalt, mtawala anamfukuza mjini, anaenda mji wa Mantua. Waulize wenzako, kama Romeo hajafukuzwa barua inaandikwa ya nini?

Tena Mercutio ndiye mcheshi wa mchezo wote, hadi anakufa akifanya mzaha, kwa hivyo mpeni yule kijana wenu anayechekesha watu zaidi, ukumbi umzoee, ndio akianguka kicheko kikatike.

Kuna geuko lingine watu hulipita. Juliet anajifanya amekubali kuolewa na Paris, mchumba aliyechaguliwa na wazazi, na baba yake, mzee Capulet, kwa furaha anasogeza harusi kutoka Alhamisi hadi Jumatano. Siku moja tu! Lakini sasa msichana lazima anywe dawa Jumanne usiku, ile ya kumlaza saa 42 kama maiti, na mpango wa padri, kwamba Romeo apate barua aje kumchukua akiamka, umepungukiwa na muda. Padri mwingine, John, aliyebeba barua anafungiwa nyumbani kwa kushukiwa tauni, huku Balthasar, mtumishi wa Romeo ambaye hajui lolote kuhusu dawa, ameona mazishi akapanda farasi mbio kumwambia bosi wake. Ndio maana nasema barua peke yake haiui mtu, haraka ndiyo inaua. Shairi la Arthur Brooke la 1562 ambalo Shakespeare alilitumia linachukua miezi, na wale wawili wanaishi kwenye ndoa wiki kadhaa kabla ya vita. Shakespeare akabana yote kuanzia Jumapili hadi Alhamisi. Kwa hivyo saa yenu moja isiwape presha, huu mchezo unapenda kukimbizwa.

Cha kukata kipo. Toeni wale wanamuziki mwisho wa sehemu ya nne. Ile hotuba ya padri mwishoni akieleza kila kitu upya ipunguzeni sana kwa sababu watu wameona kila kitu kwa macho yao, na vilio vya Romeo kuhusu Rosaline, msichana aliyempenda kabla ya Juliet, vibaki vichache. Utangulizi wa mistari 14 usiguswe, unasema wazi hawa wapenzi watakufa, ndio watu wakae wakingoja itatokeaje. Na msimtoe yule mtumishi asiyejua kusoma anayemwomba Romeo amsomee orodha ya wageni, ana dakika chache tu lakini bila yeye Romeo hajui kama kuna pati.