Video fupi za anatomia: kila moja ishike jambo moja

Ndugu mwalimu, umeuliza kama video za dakika tatu au nne zitawafaa wanafunzi wako wa utabibu hapa Tanga, ambao hawana miili ya kutosha ya kujifunzia. Zitawafaa, ilimradi kila video ishike jambo moja tu. Chukua kinena: ukionyesha kwa kidole, juu ya mwili wa mtu hai, kwamba kutoka upande wa nje wa paja kuelekea upande wake wa ndani hupangika neva, kisha ateri (mshipa utoao damu moyoni), kisha vena (mshipa urudishao damu moyoni), mwanafunzi ataelewa kwa nini anayetafuta vena ya paja kwa sindano huanza kwa kupapasa mapigo ya ateri, ndipo asogee kidogo upande wa ndani. Hapo simamisha video uwaulize kinachofuata, kwani mtazamaji asiyeulizwa hudhani ameelewa. Mimi huwaita wachore ubaoni, na michoro yao, mingine ya kuchekesha kweli, hunionyesha walipopotea. Kwa mifupa 8 ya kifundo cha mkono, hata hivyo, usitegemee video, waishike wenyewe. Intaneti ikisumbua, zipakue mapema uwagawie kwa flashi.