Kabla ya kumlaumu kocha wa Nebraska, mtazame aliyemwajiri

Kila timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska inapofungwa mwezi Novemba, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wetu wa Lincoln na Omaha, wengi wao waliofika huku miaka ya karibuni kutoka Dar, Mombasa, Goma na Bukavu. Swali huwa lile lile: kaka, huyu kocha, Matt Rhule, abaki au aondoke? Leo nawajibu wote kwa pamoja na kwa kirefu, kwa sababu timu hii naipenda kwa moyo wote, na sitaki mpenzi mpya aingie kwenye ugomvi wa makocha kabla hajajua ulianzia wapi.

Ushauri wangu ni huu. Kocha akibadilishwa, mwache kwanza kocha. Mtazame mkurugenzi wa michezo aliyemleta, kisha ujiulize: alikuwa anamtafuta mtu wa kujenga timu, au alikuwa anamkimbia yule aliyetoka?

Wengi wenu mmekulia Simba na Yanga, ambako kocha ni mtu wa kupita. Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa 2024, na Novemba ya mwaka huo huo akaachishwa baada ya kufungwa mechi mbili mfululizo za ligi. Klabu ya namna hiyo inaweza kuhimili, kwa sababu inanunua mchezaji aliyekwisha kukomaa na mwingine anachukua pale mwenzake alipoachia. Futiboli ya chuo cha Marekani ni habari nyingine. Kocha anakwenda kumshawishi kijana wa sekondari, anakaa sebuleni na wazazi wake, anamchukua akiwa na miaka 18 na kumlea mpaka awe na mwili na akili ya kucheza na wakubwa. Ukimfukuza kocha umeing'oa kazi ya miaka mitatu au minne. Mwenye kalamu ya uamuzi huo si mwenyekiti aliyepigiwa kura na wanachama, ni mkurugenzi wa michezo wa chuo, mtu ambaye mashabiki wengi hawamjui hata kwa sura.

Na Nebraska uamuzi huo unamgusa kila mtu. Jimbo hili lina watu kama milioni 2 na halina timu ya NFL, ile ligi ya kulipwa, kwa hiyo timu ya chuo ndiyo timu ya mkulima wa mahindi kule magharibi, ya muuguzi wa Omaha, na ya fundi wa Kikongo aliyeanza kazi mwaka jana. Tiketi za Memorial Stadium, uwanja wetu wa Lincoln, zimekuwa zikiuzwa zote tangu tarehe 3 Novemba 1962, ukiacha msimu wa korona wa 2020 ambao mashabiki hawakuruhusiwa kuingia. Siku ya mechi uwanja unabeba watu wengi kuliko mji wowote wa jimbo hili isipokuwa Omaha na Lincoln. Ukikaa pale ukaona bibi wa miaka themanini kavaa nyekundu toka kofia hadi soksi, ndipo unapoelewa kwamba kosa la ofisi moja linaweza kuumiza watu wengi kwa muda mrefu sana.

Historia yenyewe inanipa nguvu ya kusema hivi. Bob Devaney alifika 1962, akatwaa ubingwa wa taifa 1970 na 1971, akamwachia timu msaidizi wake Tom Osborne mwaka 1973. Misimu mitano ya kwanza Osborne alifungwa na Oklahoma kila mwaka, na Oklahoma ndio walikuwa mahasimu wenyewe, wale ambao kuwafunga ni sherehe. Watu walinung'unika. Mwishoni mwa 1978 Osborne alikaribia kuhamia chuo cha Colorado. Januari 1984, kwenye Orange Bowl, mechi ya baada ya msimu, dhidi ya Miami, timu yake ilifunga mwishoni na alikuwa na nafasi ya kupiga teke jepesi la nyongeza la pointi 1 na kutoka sare, sare ambayo pengine ingempa ubingwa. Akakataa. Akatafuta pointi 2 za ushindi, pasi ikaguswa, wakafungwa 31 kwa 30. Ubingwa wake wa kwanza ulikuja 1994, msimu wake wa 22. Ukafuata wa 1995 na wa 1997, akastaafu akiwa na ushindi 255.

Vijana wakisikia habari hiyo huisifu subira ya Osborne. Mimi namsifu pia mwingine. Miaka yote ile ya manung'uniko, mkurugenzi wa michezo alikuwa Devaney mwenyewe, yule yule aliyemchagua. Alijua amemwajiri kwa sababu gani, na kelele za jukwaani hazikumsahaulisha.

Sasa angalieni jeraha letu. Frank Solich alimrithi Osborne 1998. Mwaka 2001 aliifikisha timu kwenye mechi ya ubingwa wa taifa. Mwaka 2002 timu ikaanguka, ushindi 7 na vipigo 7. Mwaka 2003 akabadilisha wasaidizi, akanyanyuka, akashinda mechi 9 kati ya 12, na siku moja baada ya kuifunga Colorado akaachishwa kazi. Mkurugenzi mpya wakati huo, Steve Pederson, alieleza kwamba hakubali timu ishuke iwe ya kawaida. Nia hiyo siipingi hata kidogo, nami sitaki timu ya kawaida. Ninachopinga ni kwamba kocha wa kuchukua nafasi hakupatikana mpaka Januari. Mtu anayebomoa nyumba huku hajui atalala wapi usiku hajawa tayari kubomoa.

Tangu pale kila kocha aliletwa kuwa kinyume cha aliyemtangulia. Solich alikuwa mtu wa nyumbani, timu yake ilikimbia na mpira. Akaja Bill Callahan kutoka Oakland Raiders, mtu wa NFL na wa pasi. Msimu wake wa kwanza, 2004, ulikuwa wa kwanza tangu 1961 Nebraska kumaliza na vipigo vingi kuliko ushindi. Pederson aliondolewa Oktoba 2007, Callahan akafuata, na Osborne akarudi kukalia kiti cha mkurugenzi. Akamchukua Bo Pelini, mtu wa ulinzi na wa hasira za wazi. Pelini alishinda mechi 9 au zaidi kila msimu kwa misimu saba. Ni kweli, vipigo vyake vikubwa viliuma, na ile fainali ya 2012 ya Big Ten, ligi yetu ya vyuo, tuliyofungwa na Wisconsin 70 kwa 31 sitaki kuikumbuka. Lakini tarehe 30 Novemba 2014 mkurugenzi mwingine, Shawn Eichorst, alimwachisha, akamleta Mike Riley, muungwana asiyepandisha sauti. Riley alimaliza na ushindi 19 na vipigo 19. Eichorst naye akatolewa Septemba 2017, Riley akiwa bado kazini, na kocha ambaye bosi wake ameshaondoka huwa anahesabiwa siku.

Kisha akaja Scott Frost, na hapa nataka mnisikilize sana, kwa sababu kosa la namna hii linarudi kila mahali penye mapenzi ya timu. Frost ni mtoto wa Wood River, Nebraska. Ndiye aliyekuwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, wa timu ya ubingwa wa 1997. Msimu wa 2017 aliiongoza timu ya chuo cha UCF, kule Florida, kushinda mechi zote 13. Jimbo zima lililia kwa furaha. Watu walinunua fulana zenye jina lake. Hakuna aliyetaka kuuliza maswali ya kawaida ya ajira: amewahi kujenga timu pale ambapo mambo yanakwenda vibaya kwa misimu miwili mfululizo? Wasaidizi wake wanalijua jimbo na ligi hii ya Big Ten? Nani atamwambia amekosea, ikiwa kila mtu ofisini anampenda? Aliondoka na ushindi 16 na vipigo 31. Katika mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu alishinda 5 na kupoteza 22. Msimu wa 2021 tulipoteza mechi 9, na zote tisa zilikuwa kwa pointi 9 au chini. Septemba 2022, siku moja baada ya kufungwa nyumbani na Georgia Southern 45 kwa 42, mkurugenzi Trev Alberts alimwachisha, ingawa fidia ya mkataba ilikuwa dola milioni 15 na ingeshuka hadi nusu kama angesubiri tarehe 1 Oktoba.

Namheshimu Frost kwa alichotufanyia akiwa mchezaji, na yeyote atakayemtukana mbele yangu tutagombana. Lakini nawaomba, mkisikia timu yenu inamleta "mtoto wa nyumbani", furahini jioni moja tu, na asubuhi yake muanze kuuliza maswali ya mgeni.

Ndiyo maana Matt Rhule alipotangazwa Novemba 2022 sikuangalia hotuba yake, nzuri kama ilivyokuwa. Niliangalia kazi. Chuo cha Temple alianza na ushindi 2 na vipigo 10, msimu wa tatu akashinda 10. Chuo cha Baylor alianza na ushindi 1 na vipigo 11, msimu wa tatu akashinda 11. Huyo aliajiriwa kwa sababu amefanya kazi hii hii, mahali palipoharibika, mara mbili. Kule NFL, kwenye timu ya Carolina, hakufanikiwa, na hilo lazima nalo liwekwe mezani. Hapa Nebraska, 2023 ilikuwa ushindi 5 na vipigo 7. 2024 tukapata ushindi 7, tukacheza mechi ya baada ya msimu kwa mara ya kwanza tangu 2016 na kuifunga Boston College 20 kwa 15. Msimu wa kawaida wa 2025 ukaisha kwa ushindi 7 na vipigo 5, na ule mwaka wa tatu wa maajabu tulioungoja haukuja kama kule Temple na Baylor. Uchungu wa vijana nauelewa.

Hata hivyo kuna jambo la ofisini ambalo wengi hawakulitilia maanani. Alberts, aliyemwajiri Rhule, aliondoka Machi 2024 kwenda chuo cha Texas A&M. Troy Dannen akaingia kama mkurugenzi, akamkuta kocha asiyemchagua. Kwa historia yetu, hapo ndipo panapoanza kuoza. Oktoba 2025, chuo cha Penn State walipokuwa wanatafuta kocha na jina la Rhule, aliyesoma na kucheza pale, likitajwa kila kona, Dannen alimwongezea mkataba hadi 2032. Sasa ni kocha wake. Akifaulu wamefaulu wote, akianguka wameanguka wote, na kwangu mimi huo ndio usalama ambao Solich wa 2003 na Riley wa 2017 hawakuwa nao.

Mkitaka kumpima, msihesabu ushindi peke yake. Tazameni mechi za pointi chache katika robo ya nne: je, bado tunatupa mpira kizembe? Tazameni kama anakubali kurekebisha benchi lake. Novemba 2024 alimleta kocha Dana Holgorsen na kumkabidhi kazi ya kupanga mashambulizi katikati ya msimu, na kocha mwenye kiburi asingefanya hivyo. Tazameni wachezaji wa mstari wa mbele, wale wanaosukumana na wapinzani, maana Big Ten timu yenye mstari laini itafungwa na Iowa kila Novemba. Na tazameni nani anabaki Januari. Siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo kwa urahisi, na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa hiyo kila badiliko la kocha linaweza kumwaga nusu ya chumba cha kubadilishia nguo. Gharama ya kufukuza imepanda kuliko enzi za Pelini.

Jambo la mwisho ni la adabu. Wanaocheza ni vijana wa umri wa wadogo zenu. Kuna desturi Lincoln ambayo niliipenda tangu siku ya kwanza: timu ngeni ikitoka uwanjani, hata ikiwa imetufunga, mashabiki wa Nebraska wanasimama na kuipigia makofi. Basi kumwandikia matusi mchezaji wetu mwenyewe kwa sababu kocha hatufurahishi ni aibu ambayo jukwaa lile halikutufundisha.

Jibu langu basi, kwa walioniuliza: Rhule apewe 2026 na 2027 bila vitisho. Baada ya hapo, kama mechi za karibu bado zinatuponyoka na mstari wa mbele bado ni laini, nitakuwa wa kwanza kuandika kwamba muda umefika, na barua yangu nitampelekea Dannen.