Kabla ya kusukuma throto Dodoma mchana

Ukitoka kujifunzia Dar es Salaam ukaja Dodoma, ndege ni ileile ila hewa si ileile. Weka altimita (kipima kimo) kwenye 1013, shinikizo la kawaida la hewa usawa wa bahari, usome kimo. Kiwanja chenyewe kiko futi 3,673 juu ya bahari, basi tuseme inasoma hivyohivyo. Joto la kitabu, yaani la kawaida, kwa kimo hicho ni nyuzi 8 hivi. Mchana wa Oktoba kipimajoto kikisema 31, tofauti ni 23. Zidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi, upate 2,760, kisha jumlisha na kimo. Bawa na injini vinafanya kazi kama viko futi 6,400, nawe bado hujaondoka ardhini.

Chukua Bulldog, ndege ya mafunzo ya jeshi ambayo hata Kenya iliirusha. Ina injini ya Lycoming ya silinda 4, nguvu farasi 200, bila turbo. Injini ya namna hiyo hupoteza karibu asilimia 3 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo mchana huo umebakiwa na farasi 160 hivi.

Kosa tunaloliona zaidi ni kuacha mkono wa mchanganyiko, unaopima petroli inayochanganywa na hewa, mbele kabisa, kama ulivyozoea pwani. Hewa imepungua, petroli haijapungua: injini inakohoa, plagi zinashika masizi meusi, na nguvu kidogo iliyobaki nayo inapotea. Fuata kitabu cha ndege: throto (mkono wa nguvu ya injini) ikiwa wazi, rudisha mkono taratibu mpaka injini itulie na geji ya mtiririko wa petroli isome kiwango cha kimo hicho. Usizidishe, silinda zitachemka.

Halafu macho yatakudanganya. Kasi ya kuinua pua kwenye geji haibadiliki, lakini kasi halisi imezidi kwa karibu asilimia 10. Ardhi inakimbia, mkono unataka kuvuta usukani. Ngoja geji! Ukivuta mapema ndege itaning'inia chini chini bila kupanda, na barabara ya kurukia inakwisha.

Ukizima injini kwa dakika 20 juani, petroli hugeuka mvuke kwenye mabomba juu ya silinda. Kuwasha tena: mchanganyiko umefungwa, throto nusu inchi, zungusha starta, ikishika tu, sukuma mchanganyiko mbele polepole.

Propela ipitishie ukucha ukingo wa mbele kila asubuhi, magneto (kitoa cheche za injini) ukiwa umeizima. Ukucha ukinasa, mwite fundi kabla ya kuruka. Kijikovu cha kokoto ndiko ufa unakoanzia.