Muulize Bi Fundi: Kanda ya harusi ya mama

Assalaam alaykum, Bi Fundi. Nina kanda mbili za VHS za harusi ya mama, iliyofanyika hapa Langoni mwaka 1991. Moja imeota ukungu. Nataka ziingie kwenye diski, tena kwa picha nzuri, kabla ndugu zetu hawajaja Maulidi. Kijana mmoja mwenye duka ameniambia nimwachie. Mama hataki, kwa kuwa wanawake waliomo hawana buibui. Nifanyeje?
— Binti wa Langoni, Lamu

Waalaykumu salaam, mwanangu. Mamako ana haki, na lake ndilo la kwanza. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kuihamisha, na fundi anayeijali kazi hukaa papo hapo akiitazama, maana picha ikianza kukatika lazima asimamishe. Kwa hiyo kumwachia ni kumruhusu aone ukumbi mzima wa wanawake, na nakala ibaki kwenye kompyuta yake. Tafuta mwanamke aijuaye kazi hii. Ukimkosa, fundi na aje nyumbani, aunganishe vyombo, ajaribu kwa kanda nyingine, kisha atoke. Kubonyeza vitufe mtaweza wenyewe.

Ile yenye ukungu usiitie kwenye deki kamwe kabla haijasafishwa. Ukungu hushika vichwa vya deki, yaani sehemu zinazousoma utepe, na kutoka hapo unahamia kanda ya pili ambayo ni nzima. Itenge, iweke mahali pakavu pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ikishakauka, mwenye ujuzi aifungue na kuupangusa utepe taratibu, nje ya nyumba, pua imefunikwa. Hewa yetu ya Lamu haina huruma na kanda, basi usingoje mwaka mwingine. Na leo hii vunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kila kanda, ili mtu asije akarekodi juu yake.

Ubora hupatikana kwenye deki, si kwenye kompyuta. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kujulikana ikiunda deki za VHS, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo utakayoipata ni kuukuu. Hakikisha vichwa vyake vimesafishwa. Ipeleke kanda mbele hadi mwisho, uirudishe, ndipo uanze. Deki ikiwa na tundu la S-Video, litumie badala ya waya wa njano: mwanga na rangi hupita kila kimoja njia yake, na nyekundu ya leso haimwagikii nje ya mipaka. Waya mwekundu na mweupe ni wa sauti.

Diski ya kawaida ya DVD ina gigabaiti 4.7. Saa moja ndani yake picha hutulia, saa mbili bado inapendeza. Ukilazimisha saa nne, kila wanawake wanapoinama katika ngoma ya vugo picha itavunjika miraba miraba. Kanda ya saa tatu igawe diski mbili. Na akitokea wa kukuahidi picha kali kama ya simu yako, usimlipe. VHS hubeba mistari kama 240 tu ya uwazi, ikihesabiwa kwa upana wa picha, na hakuna diski itakayoongeza kisichorekodiwa.

Faili la kwanza, lile kubwa lililoingia kwenye kompyuta kutoka kwenye deki, lihifadhi kwenye diski kuu (hard disk) ya nyumbani. DVD ni za kugawia jamaa. Kanda zenyewe usizitupe.

Bi Fundi, kanda tuliyoletewa kutoka Marekani haina rangi na picha inabingirika. Imeharibika?
— Msomaji, Malindi

Haijaharibika, ndugu yangu. Marekani walirekodi kwa mfumo wa video uitwao NTSC, mistari 525 kutoka juu hadi chini na picha takriban 30 kwa sekunde. Sisi Kenya tulitumia mfumo wa PAL, mistari 625 na picha 25, na deki ya PAL pekee haiisomi NTSC sawasawa. Tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili, na unapoihamisha kanda chagua NTSC kwenye kompyuta pia.